Bi Mdogo na Kifumbu cha Ushirika

Mzee Chirau alikuwa na mazoea ya kuvaa kanzu iliyopigwa pasi kila alipokwenda kusoma baruapepe zake. Wenzake wa kamati walizisoma zao wakiwa na fulana na kandambili, wengine wakitafuna, jambo ambalo yeye aliliona sawa na kumpokea mgeni ukiwa umejilaza. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye ndevu, katika darasa la gumbaru lililofanyika jioni mjini Msambweni, na tangu hapo hakuwahi kudharau kitu chochote kilichoandikwa, hata karatasi iliyofungiwa sukari.

Ushirika wa wakulima wa minazi ulikuwa na ofisi ya vyumba viwili kando ya barabara iendayo Lunga Lunga. Kila mjumbe wa kamati alikuwa amepewa anwani yake ya baruapepe. Ya Chirau ilikuwa na jina lake, kisha ile herufi a iliyozungushiwa duara, kisha jina la ushirika. Aliweza kuitaja yote bila kupumua, na aliitaja hata kwa watu ambao hawakuiuliza.

Jumatatu hiyo aliketi, akafungua, akakuta tangazo la mbolea na kumbukumbu za kikao kilichopita. Barua ya Hasina haikuwapo. Alizima kompyuta, akaiwasha tena, kwa kuwa huenda ilikuwa haijaamka vizuri. Mbolea na kumbukumbu vilikuwa pale pale.

Hasina alikuwa mjukuu wake, mtoto wa pekee wa marehemu mwanawe Mwero, naye alikuwa Muscat akifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili, na tangu hapo Chirau alikuwa baba na babu kwa pamoja. Kama baba, alimsomesha na kumkaripia. Kama babu, alimtania utani ule ambao mababu wa huko huwatania wajukuu wao wa kike: alimwita mke wangu, naye akaitwa mume wangu, na Bi Kadzo, mke mwenyewe wa haki, akawa mke mkubwa anayeonewa wivu. Hasina alipokataa uji utotoni, alidai mke mwenzake ameutia chumvi kwa makusudi.

Utani huo ulikuwa na kazi yake. Kwa watu wa kwao, msichana anapoposwa, babu huombwa kwanza amwache. Babu hukataa, hubembelezwa, hudai kilemba, kisha hukubali. Ni mchezo, lakini usipochezwa, ndoa huonekana kama imeanzia katikati.

Na Hasina alikuwa ameposwa. Mchumba alikuwa Feisal wa Tiwi, fundi wa majokofu katika hoteli za Diani. Wazee wa Tiwi walikwisha kuja mara moja, wakala, wakasifu pilau, wakaambiwa wasubiri. Aliyekuwa akisubiriwa ni Chirau, na Chirau alikuwa akisubiri barua.

"Baba," Mbodze, mama yake Hasina, alimwambia zaidi ya mara moja, "si nimpigie simu useme naye?"

"Simu ni ya kusema umefika salama," Chirau alijibu. "Mimi na Hasina tuliagana kwamba mambo mazito tutaandikiana. Aliagana nami yeye mwenyewe, pale uwanja wa ndege, akilia. Hajaniandikia. Nitamwachaje mke ambaye hajaniomba?"

Alisema hivyo kwa sauti ya utani. Lakini usiku alipogeuka upande wa pili, Bi Kadzo alisikia kwamba halikuwa la utani.

Ofisini nako mambo yalikuwa yamebadilika kwa namna ambayo Chirau hakuielewa. Abdulwahab, aliyeziangalia kompyuta za ushirika, mtu wa makamo mwenye haya na mwenye kufunga Jumatatu na Alhamisi, alikuwa ameacha kumtazama usoni. Alimwamkia huku akiiangalia sakafu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Umepoteza nini hapo chini?"

"Sijapoteza kitu, mzee. Bi Kadzo hajambo?"

"Hajambo. Uliniuliza Ijumaa."

"Alhamdulillahi. Ni mama mwema sana. Mwanamke kama yule mtu hampati mara mbili."

Mwenyekiti Kavumbi naye alimshika mkono siku moja baada ya kikao, akamwambia kwa upole kwamba kila umri una mambo yake, na kwamba mtu akifika mahali fulani huyaacha mengine kwa vijana. Chirau alielewa kwamba wanataka ajiuzulu kamati. Akarudi nyumbani, akaandika barua ya kukataa kujiuzulu, akaihifadhi hadi atakapoombwa.

Lazima lisemwe jambo kuhusu kichujio. Mwaka uliotangulia Kavumbi aliandikiwa na watu asiowajua kwamba amejishindia trekta. Aliwajibu kwa shukrani, akawapelekea picha ya kitambulisho chake, majina ya wake zake na saini ya ushirika, akakata michungwa miwili kulipatia trekta mahali pa kusimama. Trekta halikuja, ila kila mjumbe alianza kupokea barua za ajabu: dawa za kukuza hiki na kile, wajane wenye dhahabu, benki zisizojulikana zilizosikitika kumfungia mtu akaunti asiyokuwa nayo. Kamati ikakutana. Abdulwahab akaeleza kwamba barua zinaweza kuchujwa kabla hazijamfikia mtu.

Chirau ndiye aliyepata mfano ulioeleweka na wote. "Ni kifumbu," alisema. Wote walikijua kifumbu, kile kifuko cha ukili ambacho nazi iliyokunwa hukamuliwa ndani yake, tui likashuka na machicha yakabaki. "Barua njema ni tui. Upuuzi ni machicha. Tuwe na kifumbu kimoja cha ushirika, kikazwe sawasawa, na Abdulwahab awe ndiye mkamuaji."

Hoja ikapita bila kupingwa. Kifumbu kikakazwa hadi mwisho. Machicha yakawa mikononi mwa Abdulwahab peke yake, ayapekue kila wiki na kurudisha barua yoyote iliyonaswa kwa makosa. Chirau alipongezwa, na maneno yake yakaingizwa katika kumbukumbu kama alivyoyasema. Alikuwa amezisoma kumbukumbu hizo mara nyingi.

Jumatano Mbodze alikuja na uso wa mtu aliyekesha.

"Baba, Hasina amepiga simu. Anasema amekuandikia mara tatu, hujamjibu hata moja. Nikamwambia babu yako hajapata kitu. Akasema barua za kompyuta hazianguki njiani kama za posta, kwamba wewe ndiye hutaki kusema. Anasema babu akikataa kwa kunyamaza, basi amekataa, naye hawezi kuolewa mlango huo ukiwa umefungwa. Wazee wa Tiwi wanakuja Jumapili. Amesema atamwandikia Feisal Ijumaa, amwambie asiwatume."

Chirau aliinuka kitini. "Mara tatu?"

"Mara tatu, baba. Analia."

Alikwenda kuvaa kanzu.

Abdulwahab alikuwa peke yake ofisini, akifuta vumbi kwenye vitufe kwa brashi ya rangi. Chirau hakuketi.

"Abdulwahab, umeona barua za Hasina, mjukuu wangu?"

"La, mzee. Za Hasina zingekuja ningezijua. Anwani yake ni ile ya kampuni yake."

"Kampuni hiyo aliiacha. Sasa yuko kliniki ya meno."

"Basi hakuna iliyokuja kwa jina la Hasina. Wallahi, mzee wangu."

"Sikukuuliza jina. Zangu zilizonaswa ni zipi?"

Abdulwahab aliiweka brashi chini. Akaenda kufunga mlango, kisha dirisha, kisha akakumbuka joto, akalifungua tena dirisha nusu.

"Zipo barua," alisema. "Sikuzifungua. Nilisoma kichwa cha juu tu, kwa kuwa kinajisoma chenyewe."

"Kinasemaje?"

"Naona haya, mzee."

"Mimi nina miaka zaidi ya sabini. Sema."

Abdulwahab aliitazama sakafu yake. "Ya kwanza ilisema, Mume wangu, mbona umenitupa. Ya pili ikasema, Mpenzi, yule mke mkubwa amekufunga miguu? Mwandishi anajiita Bi Mdogo. Bi Mdogo wa Muscat."

Nje boda boda ilipita na mzigo wa makuti yaliyokwaruza barabara.

"Nawe ukafanya nini?" Chirau aliuliza.

"Nilifikiri sana, mzee. Mke wa pili si dhambi. Lakini mke wa pili ambaye Bi Kadzo hamjui ni msiba. Nikikurudishia barua, nitakuwa nimeshiriki. Nikiziacha, mtu mwingine ataketi hapa azione. Mtume alituambia anayemsitiri mwenzake naye atasitiriwa. Nikazifuta."

"Ukazifuta."

"Nikakusitiri."

"Na Kavumbi alijuaje?"

"Alikuwa amesimama nyuma yangu ya kwanza ilipofika. Lakini tuliapishana. Hajui mtu mwingine, ila mweka hazina."

Sasa Chirau aliketi. Alielewa habari ya sakafu, na umri, na mambo ya kuwaachia vijana. Alivuta pumzi kwa pua kama mtu anayepanda kilima.

"Abdulwahab, wewe una wajukuu?"

"Wawili, mzee. Wa kike wote."

"Unawaitaje?"

"Kwa majina yao. Na kwa utani wake zan..." Abdulwahab alijiziba mdomo. Damu ilimpanda hadi masikioni. "Subhanallah. Ni Hasina."

"Ni Hasina."

"Mzee wangu, utani husemwa barazani. Sikujua kama watu huuandika."

"Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika," Chirau alisema. "Ya tatu nayo umeifuta?"

Ya tatu ilikuwa imefika alfajiri, na Abdulwahab alikuwa bado hajamaliza kumsitiri. Waliifungua pamoja, Abdulwahab akiwa amegeuzia uso ukutani ingawa hakuambiwa.

*Mume wangu Mzee Chirau,* Hasina alikuwa ameandika. *Hii ni ya tatu na ni ya mwisho. Kuna kijana anaitwa Feisal. Ana meno yake yote, jambo ambalo wewe huwezi kujivunia, na mimi siku hizi nayajua meno. Ananitaka. Nami siwezi kuwa na waume wawili, serikali ya huku ni kali. Niache, au njoo unichukue. Ukinyamaza nitajua humtaki, na usipomtaka wewe mimi sina wa kumuuliza mwingine, kwa kuwa wa kumuuliza mwingine yuko kaburini, na wewe ndiye uliyenishika mkono siku hiyo. Msalimie mke mwenzangu, ingawa ni mchawi.*

Chirau aliisoma mara mbili, ya pili polepole. Kisha akavuta kiti mbele, akaandika jibu kwa kidole kimoja, Abdulwahab akimtafutia alama ya nukta. Aliandika kwamba barua zake mbili zilipotezwa na mtu mwema. Aliandika kwamba hawezi kuachana na mke kwa haraka, kwamba atadai kilemba cheupe kisicho na maua, na kwamba huyo Feisal aje kwanza atengeneze jokofu la mke mkubwa, ili ionekane kama ni fundi kweli. Chini akaongeza mstari ambao hakuutania: *Mwero angemfurahia. Mimi nimemfurahia kwa niaba yetu wawili. Nijibu, nijue kwamba umepata.*

Barua ikaenda. Abdulwahab akashusha pumzi.

"Jibu lake litanaswa tena," Chirau alisema.

"Litanaswa, mzee. Kifumbu kimekazwa. Lakini sasa najua. Likija tu nitakurudishia mwenyewe."

"Kwa hiyo kila barua ya mke wangu itapita mkononi mwako kwanza."

"Nitaishika nikiwa nimefumba macho."

"Na ya mke wa mtu mwingine? Na ya mtu ambaye wewe unamwona mwovu na kwake ni rafiki?"

Abdulwahab alifikiri kwa haki, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Inawezekana kila mtu akapewa kifumbu chake," alisema. "Mtambo unakubali. Mtu mwenyewe anakaza au analegeza, na machicha yake anayaona mwenyewe. Lakini kamati iliamua kiwe kimoja. Ni hoja yako, mzee. Imo katika kumbukumbu."

"Naijua ilipo," Chirau alisema.

Kamati iliketi Alhamisi. Chirau alisimama na kanzu yake, akasema anaomba kuiondoa hoja yake ya mwaka jana, kwa kuwa ilikuwa nzuri lakini haikuwa sahihi.

"Nilisema barua ni tui na machicha," alisema. "Sikusema kwamba kila nyumba hukamua kivyake. Kwa mke wangu machicha hukamuliwa tena, tui la pili likatiwa mchuzini. Kwa mwenyekiti machicha hupewa kuku. Nani hapa hukamuliwa nazi na jirani?"

"Kuna barua iliyonijia," aliendelea. "Baadhi yenu mnaijua, na nawashukuru kwa jinsi mlivyonitunzia heshima. Inatoka kwa mjukuu wangu, mtoto wa Mwero. Kwa Abdulwahab ilikuwa aibu. Kwa mwenyekiti ilikuwa burudani. Kwangu mimi ni posa, na ilibaki kidogo tu iharibike. Naomba kila mjumbe apewe kifumbu chake."

Kavumbi alikohoa. Alisema kwamba mzee amesema kweli, na kwamba yeye binafsi hakuamini hata siku moja. Lakini watu wakipewa kila mmoja kifumbu chake, wadanganyifu watarudi. "Mimi najijua," alisema. "Likija trekta jingine nitajibu."

"Basi wewe chako kikaze," Chirau alisema. "Ukitaka, umpe Abdulwahab akukazie. Lakini uwe umempa wewe."

Ubishi ukaanza. Mweka hazina alisema kubadilisha mambo kila mwaka kunachosha. Eunice, mjumbe wa vijana, aliyetoka bara na kuolewa Ukunda, alisema mbona hilo ni kitu simple tu na wangelifanya zamani, akaombwa asubiri zamu yake. Ilionekana kwamba hoja ingeahirishwa hadi mwezi ujao. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Kavumbi ndiye aliyeuliza, tena kwa kawaida tu, huku akitafuta miwani yake. "Abdulwahab, hebu tuambie. Ni za mzee peke yake ulizofuta, ama kuna na za wengine?"

Abdulwahab aliitazama sakafu.

"Za kwangu, kwa mfano," Kavumbi alisema.

"Mwenyekiti," Abdulwahab alijibu kwa upole mkubwa, "wewe pia nimekusitiri."

Feni ya dari ilizunguka. Mweka hazina aligeuka taratibu. "Na mimi?"

"Wewe pia, mheshimiwa. Kwa namna nyingine."

Hakuna aliyeomba maelezo. Kavumbi aliipata miwani, akaivaa, akaita kura. Mikono yote iliinuka, na wa mweka hazina uliinuka wa kwanza. Kikao kikafungwa bila chai, na wajumbe wakajipanga mbele ya meza ya Abdulwahab kupokea kila mmoja neno lake la siri, wakiwa wameachiana nafasi kubwa katikati kuliko ilivyo desturi ya foleni za Msambweni.

Chirau alipewa chake mwisho. Palikuwa na kidude cha kuvuta kwa kipanya, kushoto ni kulegeza, kulia ni kukaza. Abdulwahab alimweleza kwamba anaweza kukaza kwa wote na kumfungulia Bi Mdogo peke yake, na hivyo ndivyo wafanyavyo wengi wanaojua mambo. Chirau alisema amechujiwa vya kutosha. Alikivuta hadi mwisho wa kushoto.

Ijumaa, baada ya swala, alikwenda na Bi Kadzo, ambaye hakuwahi kuikanyaga ofisi hiyo na alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kwenye maulidi. Alimletea kiti. Bi Kadzo alimsalimia Abdulwahab, na Abdulwahab akamjibu, kisha akamtazama Chirau usoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

Sanduku lilikuwa limejaa. Palikuwa na mwanamke aliyejiita Kristina, mpweke, mwenye nyumba kando ya ziwa. Palikuwa na mjane wa jenerali. Palikuwa na Rozi, aliyeona picha yake na kushindwa kulala, ingawa Chirau hakuwa na picha popote isipokuwa kwenye kitambulisho. Mmoja alimwita mpenzi, mwingine malaika. Katikati yao, kati ya mjane na dawa ya magoti, alikuwapo Bi Mdogo wa Muscat.

Alimsomea Bi Kadzo kwa sauti ya darasani, bila kuruka neno. Hasina alisema amepata, na kwamba amelia mapokezini hadi mgonjwa wa jino akampa kitambaa. Feisal angetangulia Jumamosi na vyombo vyake kuangalia jokofu, na wazee wangefuata Jumapili. Kilemba cheupe kimekubaliwa. Mke mwenzake asidhani kwamba ameshinda, kwa sababu mtu aliyeachwa kwa heshima ana haki ya kurudi kusalimia.

Bi Kadzo alijifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akasogea karibu na kioo, akakunja paji la uso. Hakujua kusoma sana, lakini alijua kuhesabu majina.

"Baba Mwero," alisema, "na hawa wengine?"

"Hao siwajui."

"Wao wanakujua."

"Ndiyo sababu nimekuja nawe," Chirau alisema. Alimsogezea kiti karibu zaidi, akashika kipanya, na wakaanza kuwatia kwenye machicha mmoja mmoja, Kristina kwanza, Bi Kadzo akitaka kila mmoja asomwe kabla hajaondoka.